Kadi Moja, Watu Wawili: Kompyuta ya Zamani Isiwagombanishe

Jumamosi, saa nne usiku. Mke anamalizia kuediti video ya sendofu aliyoahidi kuikabidhi Jumatatu. Mume kasimama nyuma ya kiti, anasubiri zamu yake ya kucheza gemu la mpira. Kompyuta inakoroma kama jenereta, picha imeganda.

“Mi nilishasema tununue kadi ya grafiki.”

“Kwa hela ipi? Ya kodi?”

Hapo kila mmoja anageukia upande wake, na usiku umeharibika. Kama picha hii unaijua, mpenzi msomaji, kaeni wote wawili msome. Kadi ya bei nafuu inaweza kuwatosha nyote. Ila ukiichagua kwa kufikiria raha yako peke yako, mwenzio ndiye atakayelipa.

MGONJWA NI NANI HASA?

Kabla ya kutoa hela, jiulizeni: kompyuta inachelewa wapi? Kama inachukua dakika nzima kuwaka na kufungua programu, tatizo si kadi. Badilisheni hadidiski ya zamani muweke SSD. Kama RAM ni GB 4, ongezeni ifike angalau 8, na kwa anayeediti video 16 ni bora zaidi. Vitu hivi viwili huipa mashine ya zamani uhai mpya.

Lakini kama inawaka vizuri, halafu gemu linakatakata au video ikichelewa sana kutoka baada ya kuediti, hapo ndipo kadi inapoingia.

FUNGUA KASHA KABLA YA POCHI

Tuchukue mashine ambayo wengi wameinunua kwa mtumba: Dell OptiPlex 7010 ile ya mwaka 2012, yenye prosesa ya Core i5. Nasema ya 2012 kwa sababu Dell walilirudia jina hilo mwaka 2023. Ya zamani ilitoka kwa makasha tofauti. Kubwa lina pawa saplai ya wati 275, dogo lina wati 240, na lile dogo kabisa halina hata nafasi ya kuchomeka kadi.

Kwa nini wati ni muhimu? Soketi ya kadi kwenye ubao wa kompyuta imepangiwa kutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayokula zaidi ya hapo inahitaji waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai hizi hazina waya huo. Kwa hiyo kadi yenye tundu la umeme pembeni, hata ukipewa bure, iache.

Chukua na rula. Kasha dogo linataka kadi fupi ya nusu kimo, na kadi nyingi ni nene, zinachukua nafasi ya kadi mbili. Mwisho, angalia monita. Kama ina soketi ya VGA tu, kadi za miaka ya karibuni haziingii moja kwa moja, utahitaji adapta ya kutoa HDMI kwenda VGA. Iweke kwenye bajeti kabisa.

WAPOSAJI WANNE

Sasa tuwaangalie wanaobisha hodi. Wote wanne wanapatikana bila waya wa umeme wa ziada.

GT 1030 (2017). Mpole, hali sana, wati 30 tu. Anafaa kwa sinema na gemu za zamani. Tahadhari: mwaka 2018 lilitoka toleo lake la kumbukumbu ya DDR4, lenye jina lilelile lakini taratibu zaidi kwa mbali. Soma boksi, tafuta GDDR5.

RX 6400 (2022). Kijana wa kisasa, wati 53, GB 4. Mpenzi wa gemu atamtamani. Ila ana siri mbili. Anatumia njia nne tu za mawasiliano na ubao, kwa hiyo kwenye mashine ya zamani anapoteza sehemu ya kasi yake. Na hana kile kipande maalumu cha kubana video, kwa hiyo kazi hiyo inabaki kwa prosesa. GT 1030 naye hana.

GTX 1050 Ti (2016). Mtu mzima mwenye heshima zake, wati 75, GB 4. Anacheza gemu za wastani na kipande cha kubana video anacho. Umri tu: NVIDIA walisitisha draiva mpya za gemu kwa kizazi chake Oktoba 2025, akabakiziwa masasisho ya usalama.

GTX 1650 (2019). Wati 75, GB 4, ana nguvu kuliko 1050 Ti, na video anabana. Baadhi ya matoleo yake yana tundu la umeme, hayo si yako.

Mmeona mtego uko wapi? Mume akienda dukani peke yake, anaweza kurudi na RX 6400 akichekelea, na ubanaji wa video za mkewe usiharakishwe. Mke akiambiwa “chukua ya bei ndogo” akaleta GT 1030, wote wawili wamekosa. Kwa nyumba yenye kazi na mchezo, GTX 1650 ndiyo chaguo la kwanza kama inaenea kwenye kasha, na 1050 Ti ni ya pili ikiwa tofauti ya bei ni kubwa.

USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Kadi za mtumba zina ujanja mwingi. Zipo za zamani sana zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijiite 1050 Ti. Nenda na flashi yenye GPU-Z, programu ya bure ambayo huandika neno FAKE ikigundua kadi feki nyingi za NVIDIA. Omba ichomekwe mbele yako, ifanye kazi robo saa, sikiliza feni, tazama kama kuna michirizi kwenye kioo. Muuzaji akikataa kukujaribishia, aga kwa adabu uondoke.

YA PESA, SEMENI MAPEMA

Kinachouma kwenye ugomvi huu mara nyingi si kadi. Mmoja anahisi kazi yake inachukuliwa kama mchezo, mwingine anahisi mapumziko yake yanaonekana upuuzi. Basi kaeni mezani mkubaliane vitu vitatu: kiwango cha juu cha hela, kazi ambayo kadi lazima iiweze, na nani anatumia mashine saa ngapi. Kama video zinaingiza hela, tengeni kidogo kila harusi mpaka itimie. Kodi ya nyumba isiguswe.

Halafu nendeni dukani pamoja. Mmoja ashike rula, mwingine ashike pochi. Na Jumatatu video ikishakabidhiwa, jamani, mwachieni mtu acheze mpira wake.