Mashapo ya Kahawa na Miche Yenu

Sisi wa pwani ya Malindi na Kilifi hatulimi kahawa. Mti huo unapenda baridi ya milimani, kama Kiambu, Nyeri, Kirinyaga na Meru. Lakini kuinywa, tunainywa sana. Jioni ikifika muuza kahawa huweka dele lake juu ya makaa, tangawizi imo ndani, na wazee hukaa barazani na finjani zao na vipande vya kashata. Dele likiisha hubaki mashapo meusi chini yake, na hayo mashapo ndiyo habari yetu ya mwezi huu.

Watu husema kwamba mashapo ya kahawa ni mbolea ya bure. Kwa hiyo akina mama huyamwaga katika mikebe ya mrehani na waridi iliyopangwa mbele ya nyumba. Na mkulima wa skimu, awe Gede, Ngerenya au Magarini, akisikia hayo huona ni bahati yake. Mbolea ya dukani ni ghali, na kitalu chake cha mipapai na miembe kinangoja mvua za masika. Basi huchukua kopo zima la mashapo akaligawa kwenye miche. Hapo ndipo hasara inapoweza kuanza, kwa maana mche uliodumaa kitaluni haulipwi na mtu.

Neno la mbolea si la uongo lote. Katika kila kilo 100 za mashapo makavu mna kama kilo 2 za naitrojeni, nayo naitrojeni ndiyo chakula kinachotia majani rangi ya kijani. Lakini chakula hicho kimefungwa. Mche hauwezi kukila mpaka mashapo yaoze kabisa. Tena vijidudu vya udongoni vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni vyenyewe, na visipoipata ya kutosha huichukua ile iliyokuwa ya mche. Mkulima anadhani amelisha, kumbe amenyang'anya.

La pili ni kafeini, ile dawa iliyomo katika kahawa inayomkosesha mtu usingizi. Mti wa kahawa haukuitengeneza kwa ajili ya wazee wa barazani. Unaitumia kujilinda na wadudu, na punje zake zikianguka chini, kafeini huzuia mbegu za jirani zisiote vizuri. (Katika misitu ya pwani yetu uko mti wa porini wa ukoo huo huo ambao hauna kafeini, lakini kahawa ya dele haitoki kwake.) Hata kahawa ikichemshwa sana, kafeini nyingine hubaki katika mashapo, na mizizi michanga ya mche ndiyo inayoipokea.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Melbourne, Australia, Hardgrove na Livesley, walitangaza matokeo ya kutia mashapo mabichi katika udongo wa mimea mitano, miongoni mwake brokoli, figili na alizeti. Mimea yote ilikua vibaya, katika udongo wa mchanga na katika udongo mzito, na hata ile iliyopewa mbolea haikupona. Faida waliyoiona ni kwamba udongo ulishika maji zaidi na magugu yalipungua. Magugu nayo ni mimea. Kilichoyapunguza ndicho kilichoidumaza figili.

Katika mkebe wa maua mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu nafasi ni ndogo. Mashapo ni laini kama vumbi. Yakikauka juu ya udongo hufanya gamba, na maji unayomwagia hupita kando ya mkebe yasifike kwenye mizizi. Yakikaa na unyevu huota ukungu. Na ile kahawa ya maziwa na sukari iliyobaki kikombeni, usiimimine mkebeni hata mara moja, kwani utaita sisimizi na uvundo. Maua yana kiu ya maji, basi yapewe maji.

Wengine husema mashapo hutia udongo uchachu, na kwamba yanaifaa ardhi yetu ya matumbawe karibu na bahari, ambako majani hugeuka manjano na mishipa yake ikabaki ya kijani. Uchachu mwingi wa kahawa umekwenda katika finjani. Mashapo yenyewe mara nyingi yanakaribia kuwa katikati, si machachu wala si ya chokaa. Hayataponya manjano hayo. Habari ya kufukuza konokono nayo ina asili yake. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walionyesha kuwa maji yenye kafeini sehemu 1 hadi 2 katika 100 huua konokono. Kahawa ya kunywa kwa kawaida haifikii hata sehemu 1 katika 10 ya nguvu hiyo.

Je, mashapo yatupwe? La. Yaozeshwe kwanza. Chimba shimo la mboji mahali penye kivuli. Kwa kila debe moja la mashapo tia madebe manne au zaidi ya majani makavu, mabua ya mahindi na samadi ya mbuzi. Yachanganye vema, yasikae bonge moja. Nyunyizia maji, funika kwa makuti, na pindua kila baada ya wiki mbili. Yaache miezi mitatu, au sita ikiwa huna haraka. Katika mchanga mwekundu wa Magarini, ambako maji hayakai, mboji ya namna hii ina thamani kubwa kuliko mashapo yenyewe.

Kabla ya kuipeleka kitaluni, ipime. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini. La kwanza ujaze udongo wako mtupu. La pili udongo ule ule uliochanganywa na mboji, sehemu moja kwa tatu. Panda katika kila kopo mbegu 10 za mchicha, zimwagilie sawasawa, uziweke pamoja kivulini. Hesabu zilizoota baada ya wiki moja, kisha tazama urefu wake baada ya wiki mbili. Zikiwa sawa, au zile za mboji zikiwa nzuri zaidi, miche yako inaweza kuila. Zikiwa chache au zimedumaa, funika shimo tena, ungoje mwezi mmoja, kisha upande mbegu nyingine 10.