Kibao Juu ya Mtaro

Nyuma ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam, njia ya waenda kwa miguu inaishia ghafla kwenye mtaro wa maji ya mvua. Upande huu pevingi nyekundu zimepangwa kwa ustadi, na upande wa pili zinaendelea vivyo hivyo. Katikati, upana wa mita moja na nusu, hakuna kitu. Mtu fulani ametupa pale ubao wa ujenzi ambao bado una madoa ya zege. Kila asubuhi wanafunzi huupita mmoja mmoja, mama mwenye beseni la vitumbua huujaribu kwanza kwa mguu, na kijana wa maziwa hushuka kwenye baiskeli, akaibeba begani, akavuka, akapanda tena.

Kwenye makaratasi njia hiyo imekamilika. Ina urefu wake, ina gharama yake, na nina hakika kuna mahali imejumlishwa na nyingine ili kupata idadi ya kilomita za kutangaza. Kazi yangu ni kupanga njia za namna hii, na nimejifunza kutozishangilia kilomita.

Piga hesabu ndogo. Jiji likijenga vipande vitano, kila kimoja kikiunganisha mitaa miwili na kukatikia hapo, limepata jozi tano tu za mitaa inayofikika. Vipande hivyo hivyo vikiungwa kichwa kwa mkia vitapita mitaa sita, na mkazi wa mtaa wowote ataweza kufika mwingine wowote: jozi 15. Zege ni lile lile, urefu ni ule ule. Kilichoongezeka ni viungo vinne, na kiungo mara nyingi ni kitu kidogo kama kalavati, kivuko au ukingo ulioshushwa. Ndiyo maana mpangaji anayetaka kupanua mtandao aanze kwa kutembea akitafuta mahali watu wanaposhuka kwenye baiskeli.

Dar es Salaam si jiji lisilo na njia. Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza kubeba abiria Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, njia za miguu na za baiskeli zilikuja nayo kando ya Barabara ya Morogoro. Mwaka 2018 jiji likatunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa mfumo huo. Lakini ukiiacha barabara kuu na kuingia mitaani, mara nyingi unajikuta unagawana vumbi na bajaji. Uti wa mgongo tunao. Mbavu ndizo hazijaota.

Halafu kuna bodaboda kwenye njia ya baiskeli, lalamiko ninalolisikia kuliko yote. Watu huniambia: wekeni nguzo. Sawa, tuziweke, lakini tuziachanishe kwa umbali gani? Zikiachana mita 1.2, gari halipiti, na bajaji, yenye upana wa kama mita 1.3, haipiti. Bodaboda inapita bila hata kupunguza mwendo. Tuzibane basi hadi sentimita 70? Usukani wa pikipiki utakwama, ila na kiti cha magurudumu kitakuwa kwenye hatari ya kukwama, na guta la muuza maji litakuwa limekwama zamani. Hakuna nafasi kati ya nguzo mbili inayomtambua mwenye haki.

Afadhali kuuliza bodaboda inatafuta nini pale. Kwenye barabara ambayo mabasi yanapita katikati, dereva anayetaka kurudi nyuma mita 200 hulazimika kwenda mbele hadi penye nafasi ya kugeuza, kisha arudi safari yote hiyo. Anaangalia mafuta yake, anamwangalia abiria wake, anapanda njia ya miguu na kwenda kinyume na magari. Ukiongeza mahali pa kugeuza umeondoa sehemu ya tatizo bila polisi wala nguzo. (Sehemu nyingine ni foleni, na hiyo sina dawa yake.)

Kwenye vivuko ndipo fedha nyingi huenda kombo. Daraja la juu la waenda kwa miguu hupendeza siku ya uzinduzi. Ili lori lipite chini, lazima daraja liinuke kama mita 5.5. Kwa ngazi za sentimita 15, hizo ni hatua zaidi ya 36 kupanda na idadi ile ile kushuka. Kwa kiti cha magurudumu, mteremko unaokubalika ni mita moja ya kuinuka kwa kila mita 12 za kwenda, kwa hiyo unahitaji mita 66 za mteremko kila upande, bila kuhesabu mahali pa kupumzikia. Tuseme barabara yenyewe ina upana wa mita 14, ambazo mtu huzivuka kwa sekunde kumi na mbili hivi. Tusimlaumu anayekatiza chini. Amepiga hesabu sahihi. Kivuko cha chini chenye tuta, na kisiwa cha kusimama katikati, kingemlinda vizuri zaidi.

Mahali ambapo ningependa mtandao ukue ni bonde la Msimbazi. Mto huu unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani na kuingia baharini Salenda. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, kwa hiyo kwenye ramani ushoroba upo tayari, umelala kati ya mitaa yenye watu wengi wanaotembea kwenda kazini. Mradi wa kuendeleza bonde hilo, wenye daraja jipya la Jangwani na mpango wa bustani kubwa, umefungua mlango.

Tahadhari ni kwamba bonde hujaa maji. Njia ya huko ijengwe ikijua kwamba itazama: isiinuliwe kwa tuta la udongo litakalogeuka bwawa, iwe ya zege badala ya pevingi ambazo maji huzichota mchanga chini yake, na taa zikae juu ya kina cha mafuriko. Na iwe na milango mingi ya kupandia mitaani. Bondeni usiku, mtu anayesikia nyayo nyuma yake anataka kujua pa kutokea ni wapi. Kwa kipimo changu mimi, kila mita 300 pawe na pa kutokea, na hapo aachwe muuza kahawa na meza yake na kibatari chake. Tumezoea kuwafukuza wafanyabiashara kwenye njia, kumbe wakitengewa ukanda wao pembeni ndio walinzi wasiolipwa.

Jumamosi iliyopita nilipita tena nyuma ya mtaa wetu. Ubao wa zamani umeondolewa, pamewekwa mbili mpya zilizoungwa ubavu kwa ubavu, na mtu amepigilia vipande vyembamba vya mbao juu yake ili mguu usiteleze. Kijana wa maziwa alikuja, akapunguza mwendo kidogo, akavuka akiwa juu ya baiskeli yake.