Njiwa Hanunuliwi Tu, Huzoeshwa



Jambo hili hutokea mara nyingi. Kikundi kinanunua jozi mbili za njiwa sokoni, kinawatia katika banda zuri, na asubuhi mlango unafunguliwa ili "watembee kidogo". Jioni banda ni tupu! Watu wanasema njiwa wameibiwa, lawama zinaanza, na pesa za michango zimekwenda. Kumbe njiwa wamerudi kwao. Njiwa mkubwa hukumbuka banda alilokulia, na anaweza kuruka kilomita nyingi kulirudia. Kutoka Ndhiwa hadi hapa Lambwe, kwake ni safari fupi tu.

Basi tufanye nini?

1. Nunueni wadogo. Anayefaa ni wa wiki tano au sita. Ameanza kula mwenyewe, lakini bado hajazoea kuruka mbali. Mara nyingi utaona vinyweleo vya manjano vimebaki kichwani. Huyu hana nyumba nyingine moyoni mwake.

2. Wafungeni, lakini waone nje. Upande mmoja wa banda uwe wa waya, ili wajifunze miti, paa na watu wa boma. Wadogo wakae ndani angalau wiki nne. Wakubwa msiwafungulie mpaka watage na kuangua. Njiwa hutaga mayai mawili, na mume na mke hupokezana kuyaatamia kwa siku 18 hivi. Kisha wote wawili huwalisha makinda maziwa yanayotoka kwenye gole zao. Mwenye watoto ana sababu ya kurudi.

3. Mtu mmoja, saa ileile, sauti ileile. Wiki za kwanza achaguliwe mlishaji mmoja. Apige mluzi au atikise mkebe wa mtama kila anapowalisha. Asiwakimbize wala kuwashika ovyo, na asiwainamie kutoka juu, kwa maana mwewe hutoka juu. Achuchumae, anyooshe kiganja chenye nafaka, kisha atulie. Siku ya kwanza hawatakuja. Asichoke. Siku moja mmoja atadonoa, na wengine watamfuata. Watoto wa boma wanaiweza kazi hii vizuri wakifundishwa upole.

4. Siku ya kufungua. Fungueni jioni, kama saa moja kabla ya jua kutua, njiwa wakiwa hawajala. Msiwafukuze nje, watoke wenyewe. Kisha mlishaji atikise mkebe. Njaa, giza linalokaribia na sauti wanayoijua vitawarudisha ndani. Fanyeni hivyo siku kadhaa kabla ya kuwaachia mchana kutwa.

Imani hiyo huvunjika upesi. Paka au nyoka akiingia usiku mmoja tu, njiwa wanaweza kulihama banda. Liwekwe juu ya nguzo iliyozungushiwa bati laini. Maji yawe safi na ya kina cha kutosha kuzamisha mdomo, kwa sababu njiwa hunywa kwa kufyonza. Wapeni pia changarawe ndogo za kuwasaidia kusaga chakula. Njiwa wapya wasichanganywe na kuku kwa wiki mbili tatu, maana wanaweza kuleta mdondo, ule ugonjwa wa Newcastle. Mkiona shingo inapinda au ndege anatetemeka, mtengeni na mwiteni afisa wa mifugo.

Wengine watauliza: kwa nini tununue, na ndege wamejaa Ruma? Jamani, tusijidanganye. Ruma ni hifadhi ya taifa tangu 1983, na ndege walio ndani hawaguswi. Hata nje ya hifadhi, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kukamata na kufuga ndege wa porini bila kibali cha KWS. Tena kanga au hua aliyenaswa akiwa mkubwa hubaki na hofu. Atajigonga kwenye waya mpaka aumie.

Njiwa hawatatajirisha kikundi kwa mwezi mmoja. Lakini jozi iliyotulia huleta makinda mara kadhaa kwa mwaka, na samadi ya kutia kwenye sukuma.

Kwa mazungumzo kikundini: Nani atakuwa mlishaji wetu? Akisafiri, nani ameshajifunza mluzi wake?