Ua Linalomkwepa Mchimbaji

Fritilaria ni jenasi, yaani kundi la spishi zenye nasaba moja, katika familia ya mayungiyungi, na ina spishi zipatazo 140 zilizotapakaa katika nusu ya kaskazini ya dunia, nyingi zikiwa za milimani. Mmea huu huota kutokana na tunguu, ambalo ni shina fupi la chini ya ardhi lenye magamba manene yanayohifadhi chakula, na akiba hiyo ndiyo huuwezesha kustahimili miezi ya theluji na kuchipua upya baridi inapopungua.

Iliyo ya ajabu kupita zote, pengine, ni Fritillaria delavayi, inayoota katika miteremko ya mawe ya milima ya Hengduan, kusini-magharibi mwa China, kwenye mwinuko unaozidi mita 3,700. Matunguu ya spishi hii yametumiwa na Wachina kama dawa ya kikohozi kwa takriban miaka 2,000, na kwa kuwa ni madogo mno, kilo moja huhitaji zaidi ya mimea 3,500, ambayo kila mmoja huchukua takriban miaka mitano kabla ya kutoa ua.

Mwaka 2020 watafiti wa China na Uingereza walitangaza kwamba, mahali palipochimbwa sana, majani ya mmea huu yamekuwa ya kijivu au kahawia, yakifanana na mawe yaliyoyazunguka, ilhali mahali ambapo matunguu hubanwa na mawe kiasi cha kumchosha mchimbaji, majani yamebaki na rangi ya kijani kibichi. Wanyama hawaelekei kuhusika, kwani tunguu lina alkaloidi, kemikali chungu na zenye sumu, na watafiti hawakuona dalili za mmea kuliwa. Anayehusika ni binadamu, ambaye bila kukusudia amefanya kazi ya uteuzi wa asili: huung'oa mmea anaouona kabla haujatoa mbegu, na ule uliomponyoka ndio unaorithisha rangi yake. Mmea, bila shaka, haukuamua lolote.

Ili kuthibitisha kwamba rangi hiyo huuficha mmea machoni pa binadamu, watafiti waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kuitafuta mimea hiyo katika picha, na ile iliyofanana na mawe iliwachukua muda mrefu zaidi kuigundua.