Askari wawili msituni: namna ya kuitazama sinema isiyotoka sokoni

Mapema mwezi Machi mwaka 2019, mjini Ouagadougou katika nchi ya Burkina Faso, tuzo kuu ya tamasha la sinema la FESPACO ilikwenda Rwanda kwa mara ya kwanza. Tamasha hilo lilianzishwa mwaka 1969, na tuzo yenyewe huitwa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga. Aliyeipokea ni Joel Karekezi, mzaliwa wa Rubavu, kwa filamu yake ya mwaka 2018 iitwayo La Miséricorde de la jungle, yaani Huruma ya Msitu. Mchezaji wake mkuu, Marc Zinga, alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa kiume.

Habari hiyo yawahusu askari kuliko watu wengine, maana filamu yenyewe ni ya askari wawili. Ni mwaka 1998, na vita vya pili vya Kongo vimeanza. Sajini Xavier, mpiganaji mzoefu mwenye sifa, na Faustin, kuruta ambaye bado hajaujua uzito wa bunduki, wanaachwa nyuma na kikosi chao wakati kikisonga mbele ndani ya Kongo. Hawana chakula wala maji. Waasi wanawafuata. Hakuna wa kuwapa amri, na kadiri siku zinavyopita hata upande wa kuupigania hauonekani tena. Kilichobaki ni msitu, kiu, njaa, maradhi, na mambo ambayo kila mmoja wao ameyabeba moyoni.

Wengi wetu tulijifunza kuzitazama filamu za vita katika vibanda vya video, na mwalimu wetu alikuwa Rambo. Katika filamu yake ya mwaka 1985 Rambo pia yumo msituni, lakini msitu ule ni mtumishi wake: unamficha anapotaka kufichwa, kisha unamfungulia njia atoke na kuua. Adui ni wengi na hawana majina. Mtazamaji hapewi nafasi ya kuuliza swali, kwa sababu kabla swali halijafika kinywani bomu jingine limelipuka. Filamu ya namna hiyo ni bidhaa, nayo imepimwa kama bidhaa ipimwavyo, ili mteja aondoke ameridhika na arudi kesho.

Karekezi hampi mtazamaji adui wa kumzomea. Anamnyima raha hiyo makusudi, na hapo ndipo penye fikra ya filamu nzima. Askari asiye na amri, asiye na kikosi, asiyeonekana na mkubwa wala mdogo, ni nani? Je, sare ndiyo iliyokuwa ikimfanya awe mtu wa kuaminika, au kuna kitu kilichokuwamo ndani yake kabla ya sare? Wanafalsafa wameandika vitabu vinene juu ya swali hili. Filamu hii inaliuliza kwa kuwatembeza watu wawili wenye njaa kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

Lakini kuisifu tu haitoshi. Mhakiki wa kweli huihoji hata kazi aipendayo. Misitu tunayoiona humo si ya Kongo bali ya Uganda, na hilo si kosa, kwani wapiga picha huenda mahali penye usalama. Jambo zito zaidi ni lugha. Askari hawa wa Rwanda wa mwaka 1998 wanazungumza Kifaransa katika sehemu kubwa ya filamu. Yeyote aliyewajua askari wa wakati ule, ambao wengi wao walikuwa wamekulia Uganda na nchi nyingine jirani, atakumbuka kuwa katika mahandaki zilisikika zaidi Kinyarwanda, Kiswahili na Kiingereza. Kifaransa hicho kimetoka wapi? Jibu ni jepesi: filamu ilitengenezwa kwa ushirikiano na watayarishaji wa Ubelgiji na Ufaransa, na mwenye fedha huja na lugha yake. Simlaumu Karekezi, kwani bila fedha hizo huenda pasingekuwa na filamu ya kuihoji. Ila mtazamaji wa Gisenyi, ambaye husikia Kiswahili sokoni na mpakani kila siku, ana haki ya kukumbuka kwamba sauti anazozisikia si zile zilizokuwa msituni.

Kivu Ruhorahoza, mwongozaji mwingine wa Rwanda, aliligeuza tatizo hilo kuwa hadithi. Katika filamu yake ya mwaka 2011, Matière grise, tunamwona kijana anayetaka kutengeneza filamu juu ya majeraha ya mauaji ya kimbari, na ofisa wa serikali anayemwambia kuwa hakuna fedha za kazi kama hiyo. Kisha tunaonyeshwa hiyo filamu isiyopata fedha.

Jambo la pili la kuhoji ni mahali kamera iliposimama. Mwezi Aprili mwaka 1994 mpiga picha Mwingereza Nick Hughes alisimama juu ya jengo mjini Kigali, akapiga picha watu wakiuawa barabarani ng'ambo ya bonde. Ni miongoni mwa picha chache mno za mauaji yale zilizochukuliwa yalipokuwa yakitendeka. Zimepigwa kutoka mbali, na watu ndani yake ni wadogo. Baadaye Hughes huyo huyo aliongoza filamu ya 100 Days, iliyotoka mwaka 2001 na kutayarishwa na Eric Kabera, nayo ilipigwa Kibuye, kando ya ziwa lile lile la Kivu linalolowesha mchanga wa Gisenyi. Safari hii kamera ilikuwa karibu na watu, na wengi wa waliocheza ni Wanyarwanda. Tafakari umbali uliopo kati ya jengo lile na ufuko wa Kibuye. Picha ya kwanza ni ushahidi, lakini haituambii jina la yeyote anayekufa. Ya pili ni mchezo wa kuigiza, lakini inawarudishia watu nyuso zao. Ipi ya kweli zaidi? Askari wa upelelezi, ambaye kazi yake ni kupima ushahidi, anaweza kulijibu swali hilo vizuri kuliko mwalimu wa chuo.

Mwaka 1969 Waajentina wawili, Fernando Solanas na Octavio Getino, waliandika kwamba ziko sinema za namna tatu: ya kwanza ya viwanda vya Hollywood, ya pili ya msanii anayejieleza nafsi yake, na ya tatu ya watu wanaotaka kuibadili hali yao. Filamu yao ndefu ya mwaka 1968 ilionyeshwa kwa siri chini ya utawala wa kijeshi, nayo ilikuwa na mahali palipoachwa makusudi ili mashine isimamishwe na watazamaji wajadiliane. Nikiifikiria desturi hiyo nakumbuka agasobanuye, zile filamu za kigeni ambazo Wanyarwanda huzitazama huku msimulizi akizieleza kwa Kinyarwanda juu ya sauti za wachezaji. Msimulizi naye huikatiza filamu, huitania na hata humkosoa shujaa. Kwa Rambo anafaa sana. Kwa Huruma ya Msitu nadhani angeharibu, kwa kuwa angejaza maneno pale ambapo Xavier na Faustin hawana la kuambiana, na ukimya huo ndio unaosema.

Maofisa wa majeshi hutazama filamu pia, tena kwa makini. Mwezi Agosti mwaka 2003, miezi michache baada ya Marekani kuivamia Iraki, wizara yake ya ulinzi iliwaita maofisa waitazame filamu ya Gillo Pontecorvo ya mwaka 1966 juu ya vita vya Algiers. Mmoja wa wachezaji wake, Saadi Yacef, alikuwa kiongozi wa wapiganaji katika mji huo huo, na humo anacheza mtu anayefanana naye mwenyewe. Makomando wa Kifaransa wanawatesa wafungwa, wanapata majina, wanauvunja mtandao mzima kufikia mwaka 1957. Wameshinda mji. Mwaka 1962 Algeria ikawa huru. Mwaliko wa Marekani wenyewe uliwaambia maofisa kuwa wataona jinsi ya kushinda pambano dhidi ya ugaidi na kushindwa katika vita vya mawazo. Yaliyofuata katika gereza la Abu Ghraib, ambayo dunia iliyaona kwa picha mwaka 2004, yanaonyesha kuwa inawezekana kuitazama filamu na usiione.

Mjini Rubavu mambo haya hayako mbali. Mwezi Januari mwaka 2025, vita vilipofika Goma, risasi na makombora yalivuka mpaka na kuua raia upande wa Gisenyi. Wako watu katika mji huo, na wengine hatua chache tu ng'ambo ya kizuizi, walioishi mwaka 1998 ndani ya hadithi ambayo Karekezi anaisimulia, tena si wote waliokuwa na bunduki. Katika safari yao Xavier na Faustin wanakutana na watu wanaoishi katikati ya vita wasivyovianzisha. Filamu hukaa nao kidogo, kisha humfuata askari.

Kikosi kitakachoamua kuionyesha filamu hii bwaloni kingefanya vyema kuisimamisha mashine hapo, kuwasha taa, na kumwuliza kila mmoja, ofisa kwa kuruta, mwanakijiji yule angesimulia nini kama kamera ingebaki kwake.