Unataka kununua motokari? Uliza kwanza, kisha uende kuitazama

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa jamaa,

Kabla ya kushuka shimoni unavaa kaske, unajaribu taa yako, unatazama nguzo na dari. Hakuna anayekucheka kwa sababu hiyo. Ukiacha kufanya hivyo, kapita wako atakugombeza, na atakuwa na haki.

Lakini siku unapotaka kununua motokari, mambo yanageuka. Unasikia kwamba kuna mtu Butembo anauza Toyota nzuri kwa bei ya chini. Kesho yake alfajiri uko barabarani, na akiba ya miaka mitano iko mfukoni. Haukujaribu taa, haukutazama dari.

Ukurasa huu ni wa usalama na afya, si wa biashara. Ikiwa tunasema juu ya motokari za kununua kwa mtu, ni kwa sababu mbili. Ya kwanza, motokari mbovu inaua kama vile mwamba uliolegea. Ya pili, safari ya kwenda kuitazama ina hatari yake pia. Kutoka Beni mpaka Butembo ni kilometa 54 hivi, na tangu Oktoba 2014 wakaaji wa eneo la Beni wamezika watu wengi waliouawa barabarani na vijijini. Motokari ambayo ungeikataa baada ya kuuliza maneno matano kwa telefone, kwa nini uifuate kilometa zote hizo?

Basi, chukua kalamu na daftari. Mama akae karibu aandike majibu. Yanayoandikwa hayabadilishwi siku ya kuonana.

1. UNAONGEA NA NANI?

Anza kwa salamu na adabu, kisha uliza hivi:

— Jambo sana, papa. Nimesikia kwamba unauza Toyota. Ni yako mwenyewe, ao wewe ni komisionere?

Komisionere si mtu mbaya, anatafuta mkate wake. Lakini hajui kama breki zilitengenezwa, na hajui kama motokari iligonga mti mwaka uliopita. Yeye anajua bei tu. Ukisikia kwamba ni komisionere, omba numero ya mwenye mali na uongee naye. Akikataa kabisa, safari yako imekwisha pale pale, na haikukugharimu kitu isipokuwa unite za telefone.

Kwa mwenye mali uliza tena: «Umekuwa nayo tangu mwaka gani? Kwa nini unaiuza?» Mtu aliyeendesha motokari miaka mitatu anaweza kukupa habari zake nyingi bila kufikiri sana. Aliyeinunua mwezi uliopita na anataka kuiuza leo, mwulize aligundua nini.

2. KARATASI

Mwambie akusomee karte roze: jina lililoandikwa ni la nani? Ikiwa ni jina la mtu mwingine, uliza mtu huyo yuko wapi, na kama atakuja kutia mkono wakati wa kuuza. «Ni ndugu yangu, hakuna matatizo» si jibu.

Uliza pia kuhusu karatasi za duane. Motokari nyingi za Butembo na Beni zimeshuka melini Mombasa, zikapita Kampala, zikaingia inchini kwetu kwa mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Iliyopita bila kulipiwa duane inaweza kukamatwa mikononi mwako, hata kama wewe ulilipa bei yote kwa haki.

Kisha mwombe asome numero ya shasi, kwanza kwenye karatasi, halafu kwenye chuma chenyewe. Andika zote mbili. Zikiachana hata kwa herufi moja, usiende.

Neno la asiransi lisisahauliwe. Tangu 1973 sheria ya inchi yetu inalazimisha kila motokari kuwa na asiransi kwa ajili ya madhara inayowafanyia watu wengine. Zamani SONAS peke yake iliuza asiransi. Sheria ya 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine. Uliza kama iko, na inaisha siku gani.

3. UMRI WA KWELI

Wauzaji wengine wanahesabu umri tangu siku motokari ilipoingia Kasindi. Hiyo ni sawa na kuhesabu umri wa mtu tangu siku alipohamia mtaani kwenu. Uliza: «Ilitengenezwa mwaka gani?»

Kenya hairuhusu kuingiza kwa matumizi yake motokari ya zaidi ya miaka 8. Uganda nayo, kwa sheria ya 2018, ilifunga mlango kwa zile za miaka 15 na zaidi. Basi motokari iliyokosa soko huko inatafuta mnunuzi mbali zaidi, na mnunuzi huyo anaweza kuwa wewe.

Motokari ya zamani si lazima iwe mbovu. Lakini miaka 20 inadai uangalizi ambao miaka 8 haiudai. Usiamini sana kilometa zinazoonekana mbele ya dereva, maana hesabu hiyo inaweza kurudishwa nyuma. Linganisha kilometa na miaka, na umwulize muuzaji motokari ilifanya kazi gani: ya nyumbani, ya taksi, ao ya kubeba mizigo?

4. USUKANI UKO UPANDE GANI?

Swali hili ni la uzima. Japani, Kenya na Uganda wanatembea mkono wa kushoto wa barabara, na usukani wao uko kuume. Sisi Kongo tunatembea mkono wa kuume. Dereva mwenye usukani wa kuume, akiwa nyuma ya lori, haoni kinachokuja mbele mpaka atoe nusu ya motokari katikati ya barabara. Wengi wamekufa katika nusu hiyo.

Na ikiwa ni basi ndogo kama Hiace, uliza mlango wa abiria uko wapi. Basi iliyotengenezwa kwa barabara za mkono wa kushoto ina mlango wake kushoto. Kwetu mlango huo unafunguka katikati ya barabara, pale pikipiki zinapopita kwa kasi. Fikiri watoto wako wakishuka upande huo mbele ya masomo.

Motokari nyingine usukani wake umehamishwa kutoka kuume kwenda kushoto. Uliza: «Ulihamishwa? Na nani? Garaji gani?» Usukani uliounganishwa vibaya unaweza kuachia katika kona. Kwa motokari ya namna hiyo, usikubali hata kuijaribu kabla mekanisia wako hajalala chini yake na kutazama kila kiungo.

5. BREKI NA MIPIRA

Butembo iko juu mlimani, mita zaidi ya 1,700. Beni iko chini zaidi. Ukienda Beni na mzigo na watu sita, breki zinafanya kazi ngumu katika kila mteremko.

Uliza hivi: «Breki zilitengenezwa lini? Mafuta ya breki yalibadilishwa lini?» Watu wengi hawajui kwamba mafuta ya breki yanazeeka. Polepole yanavuta maji kutoka hewani. Breki zikipata moto mkali mteremkoni, maji hayo yanachemka na kuwa mvuke, na mguu wako unashuka mpaka chini bila motokari kusimama. Kwa kawaida mafuta hayo yanabadilishwa kila miaka miwili. Muuzaji anayejibu «sijayagusa kamwe» amesema kweli, umshukuru. Lakini sasa unajua kazi ya kwanza ya kufanya.

Juu ya mipira, usiulize kama ni mizuri. Kila muuzaji atasema ni mizuri. Mwombe ainame na kutafuta herufi DOT ubavuni mwa mpira, kisha akusomee tarakimu nne za mwisho wa mstari huo. Ikiwa ni 2316, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2016. Mpira waweza kuwa na meno marefu na kung'aa, kumbe ndani umekauka na kupasuka. Mpira uliopita miaka 10 usiwekee roho za watu juu yake. Kama tarakimu nne hazionekani upande wa nje, atazame upande wa ndani.

6. MFUKO WA HEWA

Hapa mfanyakazi wa mgodi ataelewa upesi kuliko wengine. Motokari nyingi zina mfuko uliofichwa ndani ya usukani, na mwingine mbele ya abiria. Ikigonga, mfuko unajaa hewa ghafula na kukinga kichwa na kifua. Kinachoujaza ni baruti ndogo.

Kampuni moja ya Japani, Takata, iliweka katika mifuko yake nitrati ya amonia. Wewe unaijua dawa hiyo: ndiyo inayotengeneza baruti ya kupasulia mwamba. Ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu inaharibika, halafu inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa hivyo katika ajali ndogo ambazo wangetoka wazima. Mamilioni ya motokari za Toyota, Honda, Nissan, Mazda na nyingine, hasa zilizotengenezwa kati ya 2000 na 2015, ziliitwa zirudishwe garaji ili mfuko ubadilishwe. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017.

Motokari iliyotoka Japani kabla ya kubadilishwa mfuko inaendelea kutembea na mfuko ule ule. Ndiyo maana uliandika numero ya shasi. Mwombe kijana wako anayejua intaneti aitafute katika ukurasa wa kiwanda kilichotengeneza motokari. Viwanda vikubwa vinaonyesha kama numero hiyo inaitwa. Na umwulize muuzaji: «Ukiwasha ufunguo, taa ya mfuko wa hewa inawaka kisha inazimika?» Ikibaki imewaka, mfuko una kasoro. Isipowaka hata mara moja, labda mtu aliing'oa makusudi.

7. AJALI NA MAJI

Uliza waziwazi: «Imewahi kugonga ao kugongwa? Imewahi kuanguka? Imewahi kuingia maji?» Usione haya. Mtu mwaminifu atakuambia: «Ndiyo, mlango wa nyuma uligongwa, tukaunyoosha.» Jibu kama hilo ni zuri kuliko «Haina hata mkwaruzo,» maana motokari ya miaka 18 isiyo na mkwaruzo katika barabara zetu ni ya kustaajabisha.

NAMNA YA KUPIMA MAJIBU

Hauhitaji majibu yote yawe mazuri. Hakuna motokari iliyotumiwa isiyo na kasoro. Unatafuta muuzaji anayejibu. Asiyejua leo akasema «ngoja nitazame, nipigie saa kumi,» na saa kumi akakupa jibu, huyo anafaa. Anayekasirika, anayesema «wanunuzi wengine watatu wanakuja leo,» ao anayerudia kila mara «njoo tu utaona,» mwache.

Na anayesema «tuma kwanza dola 200 ili nikuwekee,» huyo usimtumie hata moja. Feza iliyopita kwa telefone kwenda kwa mtu usiyemjua, ni vigumu sana kuirudisha.

SASA UNAWEZA KWENDA

Majibu yakikutosha, panga safari kama unavyopanga kazi ya hatari. Uliza kwanza habari za barabara kwa madereva waliopita siku ile. Enda mchana, urudi mchana. Agana na muuzaji mahali penye watu wengi, kwa mfano garaji inayojulikana, si mwisho wa mtaa usioujua. Enda na mekanisia wako mwenyewe, si wa muuzaji. Mwachie mama jina la muuzaji, numero yake, mahali mtakapoonana na saa ya kurudi.

Siku ya kwanza usibebe feza ya kununulia. Siku hiyo ni ya macho na ya daftari. Muuzaji anayetaka feza siku ile ile, bila mekanisia wako kuitazama motokari, anajua kwa nini ana haraka.

Mama, wewe pia una sauti katika jambo hili. Akiba ile ni ya jamaa nzima, na watoto ndio watakaokaa nyuma. Baba akisema «nimesikia ni nzuri,» fungua daftari umwulize: mipira ni ya mwaka gani? Mlango uko upande gani? Jina la nani liko kwenye karte roze? Kama ukurasa ni mtupu, asiondoke nyumbani.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi wa mgodini tunaongeza: asiyeuliza juu ya dari, dari itamjibu. Piga telefone leo, andika majibu, na ufike kazini na nyumbani mzima.