Kuuza kwa hasara kuna wenyewe

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo hunijia kila ninapowasikia wafanyabiashara wetu wa mpakani wakijisifu: "Nimeuza chini ya bei niliyonunulia, lakini wateja wote sasa ni wangu."

Je, ni wake kweli? Tutazame kampuni tatu ambazo watoto wetu wanazijua kuliko sisi wazazi: Sony na Nintendo za Japani, na Microsoft ya Marekani. Zote hutengeneza mashine za gemu.

Novemba 2006 Sony ilitoa PlayStation 3. Ile ya bei ya juu iliuzwa Marekani kwa dola 599. Wachambuzi wa kampuni ya iSuppli waliifungua, wakahesabu vipuri vyake na kukadiria kuwa iliigharimu Sony zaidi ya dola 800.

Sony haikuwa imerukwa na akili. Katika biashara hii mashine ni mlango tu. Faida iko kwenye gemu. Kampuni nyingine ikitengeneza gemu ya PlayStation, huilipa Sony ada kwa kila nakala. Mashine zikiwa nyingi majumbani, watengenezaji wa gemu huzifuata, na ada huongezeka. Ndiyo maana kampuni hizi hugombea soko hata kwa hasara.

Hata hivyo, mfuko wa kwanza ukitoboka sana, wa pili hauwezi kuuziba. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2007, idara ya gemu ya Sony ilipata hasara ya zaidi ya yeni bilioni 230.

Nintendo ilipita njia nyingine. Mwezi ule ule wa Novemba 2006 ilileta Wii kwa dola 250, ikiwa na vipuri vya kawaida, na ikapata faida kwenye mashine yenyewe. Hatimaye ziliuzwa Wii zaidi ya milioni 101, wakati PlayStation 3 zilikuwa kama milioni 87.

Lakini Nintendo nayo ilijaribu hasara. Mwaka 2012 iliuza Wii U chini ya gharama, ikitegemea kwamba mteja akinunua gemu moja tu pengo litazibika. Wateja hawakuja kwa wingi. Hazikufika hata milioni 14. Sega, iliyoshusha bei ya mashine yake ya Dreamcast, iliacha kabisa kutengeneza mashine mwaka 2001.

Na Microsoft? Mwaka 2021, mbele ya mahakama ya California, kiongozi wake Lori Wright alisema kampuni hiyo haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine ya Xbox. Inavumilia kwa sababu ina ada za gemu, na nyuma yake iko Windows inayoingiza fedha kila siku.

Mimi nilisoma ukimbizini Kigoma, na sasa nafundisha somo la biashara huku nyumbani Burundi. Pande zote mbili za mpaka nimeona vibanda vya gemu vyenye PlayStation 2 na sidii za kunakili. Kwa sidii hizo Sony haipati hata senti. Anayevuna ni mwenye kibanda, anayetoza kila mechi. Mashine aliinunua mara moja. Mfuko wa pili ni wake.

Sasa mwuza vitenge anayeuza kwa hasara ana mfuko gani wa pili? Mteja akishavaa kitenge hicho, hadaiwi ada. Juma lijalo atakwenda kwa jirani aliyepunguza faranga mia mbili zaidi. Wote wawili watafilisika, na mimi nitaona viti vitupu darasani, kwa kuwa karo imekwenda na mtaji. Sisi tuliorudi na mtaji wa kuanzia maisha hatuna Windows ya kutufidia.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla ya kushusha bei fungua daftari ujibu maswali matatu. Mteja huyu atarudi kununua nini kwangu, ambacho hawezi kukipata kwa jirani? Atarudi lini? Na mtaji wangu unaweza kusubiri hadi siku hiyo? Jibu moja likikosekana, acha bei ilipo, ushindane kwa uzuri wa bidhaa na kauli njema.